Alama 68 za Baraka, Nairobi ni ngapi?

Mwanafunzi aliyemaliza chuo kikuu mashariki mwa Kongo kwa wastani wa 68 kwa mia anajua jasho alilolitoa. Kwa mfumo wa zamani, karatasi yake itaandikwa "satisfaction", daraja lile lile la mwenzake aliyepita kwa 51. Sasa zichukue alama hizo uvuke nazo mipaka. Kwenye vyuo vikuu vya Kenya, 68 ni daraja la pili la juu, na zimebaki alama mbili tu kuingia daraja la kwanza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anayepata 68 kwenye kila somo ana B+ tupu, GPA yake ni 4.0 kati ya 5, naye yumo daraja la pili la juu. Makerere wana kipimo kikali zaidi: 68 ni C+, pointi 3.5, na kwa pointi hizo unashuka daraja la pili la chini. Fika Lexington, jimbo la Kentucky, ambako Wakongo wengi wamehamishiwa kama wakimbizi na Kiswahili kinasikika madukani, na katika vyuo vingi vya huko 68 ni D.

Mtu ni yule yule, na vitabu alivyosoma ni vile vile.

Kwa vijana wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda, hesabu hii inaamua maisha. Kambi ilifunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi waliokimbia machafuko ya mwaka huo, na watoto wao wamesoma kwa programu ya Kongo, bega kwa bega na watoto wa Fizi, hadi wakakaa Examen d'État kama Mkongo mwingine yeyote. Baada ya hapo njia zinagawanyika. Wako wanaoendelea na masomo Baraka, Uvira au Bukavu, na wako wanaorudi Burundi. Wengine wanavuka kwenda Tanzania, Uganda au Kenya, na wachache wanapata ndege ya Marekani au Kanada. Kila mlango una fomu yake, na fomu nyingi za nchi zilizopitia mkono wa Mwingereza au za Marekani zinauliza jambo ambalo mfumo wetu haukuwahi kulipanga hivyo: je, ulisoma onazi, yaani "honours"?

Vijana hujibu kwa kubahatisha. Mwenye haya huandika hapana, mwenye kujiamini huandika ndiyo, na wote wawili wanaweza kujiharibia. Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja: onazi haihusiani na udaktari wa heshima wanaovishwa marais na wafadhili. Ile ni zawadi. Onazi husomewa, na namna ya kuisomea hutofautiana nchi kwa nchi.

Chimbuko lake ni Uingereza. Mwaka 1800 Oxford ilitunga kanuni mpya za mitihani zilizomruhusu mwanafunzi aliyetaka kutahiniwa kwa ukali zaidi afanye hivyo, na jina lake liwekwe kwenye orodha ya waliofaulu zaidi. Aliyetaka kupita tu alikuwa na mtihani wake wa kawaida. Kwa hiyo tangu mwanzo onazi ilikuwa njia anayoichagua mwanafunzi kabla ya mtihani, akijua kazi itaongezeka. Uskoti walifanya tofauti hiyo ionekane hata kwenye kalenda: shahada ya kawaida huchukua miaka mitatu na hugusa masomo mengi, ya onazi huchukua minne na huzama kwenye somo moja au mawili.

Julius Nyerere alipofika Edinburgh mwaka 1949, alichukua ile ya kawaida. Alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi, historia, anthropolojia, sheria ya katiba na falsafa ya maadili, akahitimu mwaka 1952 bila onazi. Ni mtu huyu huyu aliyeongoza nchi, akatafsiri Shakespeare kwa Kiswahili na kuandika kuhusu elimu hadi leo anasomwa vyuoni. Namtaja kwa sababu wazazi wengi hudhani shahada isiyo na onazi ni shahada iliyoshindwa. Kwa mtu anayetaka kuelewa jamii kwa mapana yake, ile ya kawaida inaweza kuwa chaguo la akili kabisa.

Afrika Mashariki ilirithi onazi kupitia Makerere, ambayo kuanzia mwaka 1949 ilifundisha kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha London, na baadaye kupitia Dar es Salaam na Nairobi. Lakini njiani kitu kilipotea. Leo Kenya, Uganda na Tanzania karibu kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza husoma masomo yale yale, anafanya mitihani ile ile, kisha mwishoni wastani wake unamweka kwenye daraja. Tanzania, GPA ya 4.4 na kuendelea ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 la pili la chini, na kuanzia 2.0 ni kupita tu. Hakuna aliyechagua njia ngumu. Njia ni moja, tofauti ni aliyefika mbele. Daraja hilo lina kazi yake, maana programu nyingi za uzamili zinataka angalau la pili la chini. Lakini likikuambia mhitimu alishika nafasi gani, halikuambii alifundishwa vipi.

Afrika Kusini wamepanga kivingine. Kwao onazi ni mwaka kamili unaosomwa baada ya shahada ya miaka mitatu, wenye masomo yake na utafiti wake, na bila mwaka huo kwa kawaida huingii uzamili. Kanada nako kuna vyuo vyenye ngazi mbili. York, kimoja cha vyuo vilivyofundisha wakimbizi wa Dadaab nchini Kenya, kimekuwa na shahada ya krediti 90 na ya onazi yenye krediti 120. Anayeomba huko asome hesabu ya krediti kabla ya kusoma jina la shahada.

Marekani ndiko kunakowachanganya zaidi ndugu zetu, kwa sababu jamaa aliyeko huko akipiga simu kusema "niko onazi" haongelei daraja la cheti. Anaongelea masomo anayosoma sasa hivi. Aliyelijenga jambo hili kwa namna iliyoenea ni Frank Aydelotte, aliyesoma Oxford kisha akawa mkuu wa chuo kidogo cha Swarthmore, Pennsylvania. Kuanzia mwaka 1922 aliwatoa baadhi ya wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho kwenye madarasa ya kawaida. Aliwaweka kwenye semina za watu wachache, wiki baada ya wiki wakiandika karatasi na kuzitetea mbele ya wenzao. Mwisho wa safari aliwaleta watahini kutoka vyuo vingine, watu wasiowajua wanafunzi hao wala kuwafundisha. Kipengele hicho cha mwisho mimi ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Mwalimu anayejua kwamba mgeni atakuja kuwahoji wanafunzi wake hafundishi kwa kukariri, na mwanafunzi naye hana sababu ya kujipendekeza kwa mwalimu.

Wazo hilo likasambaa, na sasa vyuo vikubwa vya serikali vina vitivo vizima vya onazi. Chuo Kikuu cha Kentucky, hapo hapo Lexington, kilizindua chake mwaka 2017 kwa jina la Lewis. Kwa kawaida kozi hizo zina darasa dogo kuliko la kawaida na usomaji mrefu zaidi, na wengi humaliza kwa tasnifu. Mwanafunzi anaweza pia kukubaliana na mwalimu wa somo la kawaida amwongezee utafiti, na somo hilo likahesabiwa kuwa la onazi. Ili kubaki humo lazima alinde GPA yake, mara nyingi isishuke chini ya 3.3 hivi. Hapo kuna mtego: GPA ya Marekani hupimwa kwa 4, ya Tanzania na Uganda kwa 5. Mwenye 3.5 ya Dar es Salaam na mwenye 3.5 ya Kentucky hawalingani, ingawa karatasi zao zikiwekwa pamoja zinaonekana mapacha.

Sisemi kila kinachoitwa onazi Marekani kina uzito. Vyuo vingine vimeigeuza chambo cha kuvutia wanafunzi wenye alama nzuri: bweni bora, kujiandikisha mapema, cheti chenye mstari wa ziada. Mzazi aliyeko Lexington au mji mwingine wa Marekani akiambiwa na mtoto wake kuhusu onazi, aulize mambo mawili tu: darasani mko wangapi, na mtaandika nini mwishoni?

Na sisi je? Mfumo wetu ulitoka Ubelgiji. Lovanium, chuo kikuu cha kwanza cha Kongo, kilianzishwa mwaka 1954 chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, na madaraja ya Kibelgiji yakaja nacho, ambayo kwetu hupimwa hivi: satisfaction kuanzia 50, distinction kuanzia 70, grande distinction kuanzia 80, na la plus grande distinction kuanzia 90. Vyuo viliunganishwa kuwa UNAZA mwaka 1971, vikatenganishwa tena mwaka 1981, lakini madaraja hayo yalibaki.

Aliyepita huko anaijua siku ya proclamation. Jury imejifungia tangu asubuhi, ua umejaa, watu hawana hamu hata ya chakula. Kisha katibu wa jury anatoka na orodha na kusoma kuanzia juu. La plus grande distinction: hakuna. Grande distinction: hakuna. Distinction: majina mawili, matatu, na makofi. Halafu satisfaction, orodha ndefu inayosomwa haraka haraka, watu wakihesabu moyoni kama jina lao limepitwa. Baada yake wanasomwa wa kurudia mitihani, na hapo ua unaanza kuwa mtupu.

Hapo ndipo 68 inapopotea. Utamaduni wa kusahihisha tuliourithi una ubahili wa alama. Maprofesa wengi huona 14 kwa 20 ni alama ya mtu aliyefanya vizuri sana, na 18 ni ya kuandikiwa historia. Kwa hiyo ndani ya satisfaction kuna mtu wa 51 aliyeponea chupuchupu na mtu wa 69 ambaye Nairobi angekaribia daraja la kwanza. Cheti hakiwatenganishi. Kinachowatenganisha ni relevé, ile karatasi ya alama za kila somo, na ndiyo karatasi ambayo wengi hawahangaiki kuichukua.

Ongeza na mabadiliko ya miaka. Zamani graduat ilikuwa miaka mitatu na licence miwili juu yake, jumla mitano. Mfumo wa LMD (licence, master, doctorat), uliotajwa kwenye sheria ya elimu ya Februari 2014 na kuenezwa vyuoni kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, umefanya licence kuwa miaka mitatu yenye krediti 180, na master miwili yenye krediti 120. Burundi walitangulia kwenye njia hiyo kwa jina la BMD. Maana yake, "licencié" wa mwaka 2015 na "licencié" wa leo wana jina moja na miaka tofauti. Ofisi ya Cape Town au Kampala isiyojua hilo inaweza kumhesabia mzee wa miaka mitano kama kijana wa mitatu. Ni juu ya mwombaji kulieleza, kwa barua fupi yenye tarehe.

Kwa hiyo Kongo tuna namna ya kumtunuku aliyefaulu, hata kwa fedha: wanaopata asilimia kubwa za Examen d'État huweza kupata ufadhili wa Excellentia wa taasisi ya mke wa Rais, Denise Nyakeru Tshisekedi. Tusichokuwa nacho ni njia ya kumpa mwanafunzi hodari kazi ngumu zaidi wakati bado yuko darasani. Tunangoja amalize ndipo tumpigie makofi.

Nasikia jibu tayari: hatuna maabara, hatuna maktaba, umeme wenyewe ni wa kubahatisha. Ni kweli, lakini kozi ya onazi haihitaji sana vitu hivyo. Chukua Ziwa Tanganyika, linaloonekana ukiwa barabarani kati ya Uvira na Baraka. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha utafiti kwenye jarida la Nature. Walisema joto la maji limepunguza uzalishaji wa chakula cha samaki ziwani kwa takriban asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kupunguza samaki wenyewe kwa takriban asilimia 30. Miaka michache baadaye watafiti wengine, akiwemo Jouko Sarvala, walipinga: mabadiliko ya samaki wanaovuliwa, walisema, yanatokana zaidi na namna watu wanavyovua. Nyuma ya wote hao kuna ripoti za msafara wa Wabelgiji waliolichunguza ziwa mwaka 1946 na 1947, tena ziko kwa Kifaransa, lugha ambayo wanafunzi wetu wanaisoma. Na pale Uvira kuna Kituo cha Utafiti wa Haidrobiolojia, CRH, chenye wataalamu wanaolijua ziwa kuliko mgeni yeyote.

Sasa waweke wanafunzi wanane mezani, Warundi wa Lusenda na wenyeji wa Baraka pamoja. Wiki mbili za kwanza wasome makala zote mbili na kusema ni wapi hasa zinagongana. Wiki zinazofuata washuke mwaloni alfajiri, taa za wavuvi zinapozimwa na ndakala zinapomwagwa kwenye mabeseni, wahesabu mitumbwi, waulize wavuvi wazee mikebuka walipatikana umbali gani zamani na wanapatikana umbali gani sasa, na waandike majibu hata yale yasiyowapendeza. Watagundua haraka kwamba mvuvi mmoja anasema ni joto, mwingine anasema ni nyavu za macho madogo, wa tatu anasema ni askari wanaotoza kodi majini, na kwamba kila mmoja ana sababu ya kusema anachosema. Hapo ndipo elimu inapoanza kuuma. Mwishoni kila mmoja anaandika kurasa thelathini, na mtahini anaitwa kutoka Bukavu au Bujumbura kuwahoji.

Ziwa ni mfano mmoja. Kipindupindu, ambacho hakiuachi ukanda wa Uvira na Fizi, kinatosha semina nyingine. Suala la mashamba kati ya wakimbizi na vijiji vinavyowapokea linatosha semina ya tatu, ingawa hiyo inahitaji mwalimu mwenye busara na ruhusa za wakubwa wa pande zote.

Kikwazo halisi ni muda wa mwalimu. Wote tunalijua somo la profesa mgeni: anafika Jumatatu, anamaliza saa 45 ndani ya wiki moja, silabusi inauzwa, mtihani unafanyika, anapanda gari kuelekea chuo kingine. Kwa mishahara na barabara zetu simlaumu. Ila semina ya namna niliyoieleza haiwezi kufundishwa na mpita njia. Inataka mtu anayeishi hapo, awe asistanti tu, mradi awe na mwaka mzima na wanafunzi wale wale. Wala sitaki semina hiyo iwe ya wenye 70 peke yao. Kwa ubahili wetu wa alama, tutawaacha nje wengi wanaostahili. Aliyekubali kusoma na kuandika kila wiki aingie. Atakayeshindwa atatoka mwenyewe ndani ya mwezi.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na jumuiya hiyo ina Baraza la Vyuo Vikuu lenye makao Kampala na mfumo wa sifa za elimu ya juu uliokubaliwa mwaka 2015. Kwenye karatasi, siku moja 68 zetu zitasomeka sawa kila mahali. Leo bado kila nchi ina mlango wake wa kutambua vyeti: Tanzania ni TCU, Kenya ni CUE, Uganda ni NCHE. Ufadhili wa DAFI, ambao Ujerumani na UNHCR wameutoa kwa wakimbizi tangu mwaka 1992, nao huangalia karatasi za shule kabla ya kuangalia hadithi ya mtu.

Basi wewe uliyeko chuo sasa, usijitafsirie daraja. Usiandike "daraja la kwanza" kwa sababu ulipata distinction. Andika distinction, weka asilimia zako, na mwombe katibu wa kitivo akuandikie mizani ya alama za chuo pamoja na nafasi uliyoshika kati ya wenzako. Mtu wa 68 aliyekuwa wa pili kati ya wanafunzi 60 hahitaji maelezo marefu. Omba pia maelezo ya kila somo na krediti zake, na tunza nakala ya kazi yako ya mwisho ikiwa na jina la mwelekezi. Kama kuna mwalimu yuko tayari kukusomesha zaidi ya programu, mwambie aandike barua inayoeleza mlichosoma na ulichoandika, kwa sababu kwa aliyeko Kentucky au Cape Town hiyo ndiyo onazi yako. Na relevé ichukue kila mwaka unapokwisha, ilipiwe, igongwe muhuri, upige picha yake na kuituma kwa mtu aliye mbali. Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23 ndani ya siku chache, na karatasi iliyoachwa kwenye kabati la katibu haikimbii vita pamoja na mwenyewe.